Darasa la kwaya: jinsi ya kukaa, kusikiliza na kuimba na wenzako, hatua kwa hatua

Haya wapendwa, karibuni. Leo sifundishi wimbo, leo tunaongelea tabia, yaani mwanafunzi akiwa darasa la kwaya anatakiwa aweje kuanzia anapoingia mlangoni mpaka siku ya kusimama mbele za watu. Najua kuna mtu akisikia neno sheria anataka kufunga video, subiri kwanza, kwa sababu kwenye kwaya sheria karibu zote zimetoka kwenye sikio. Darasa la hesabu ukipiga stori unajichelewesha wewe na uliyekaa naye, lakini huku ukipiga stori sauti yako inaingia moja kwa moja kwenye kitu tunachokitengeneza wote, hakuna pa kuificha.

Hatua ya kwanza ni kuingia. Fika dakika tano kabla, uwe umeshaenda chooni, umeshakunywa maji, chupa yako weka chini ya kiti. Chingamu na pipi tema kabla hujaingia, na hapa simaanishi usafi tu, sisi tunavuta pumzi haraka tena mdomo ukiwa wazi, kitu kikiwa mdomoni kinaweza kukupalia vibaya sana. Simu zima alafu iweke kwenye begi, sio mfukoni, maana ikitetemeka mfukoni kwenye sehemu ya wimbo iliyo laini wote tunaisikia. Na uje na penseli, narudia penseli sio kalamu, kwa sababu mwalimu leo atasema tuvute pumzi hapa na wiki ijayo atasema hapana tupitilize, sasa wewe wa kalamu karatasi yako itakuwa michoro mitupu.

Ya pili, kusimama na kukaa. Angalieni miguu yangu hapa chini, imeachana upana wa mabega, na magoti nimeyalegeza kidogo tu. Wengi mnakaza magoti mkidhani ndio kusimama vizuri, kumbe ukisimama muda mrefu bila kusogea huku umeyakaza damu inatuama miguuni, kichwa kinaanza kuzunguka na mtu anaweza akaanguka kabisa, kwa hiyo legeza, na vidole vya miguu vichezeshe kwenye viatu. Ukikaa, kaa nusu ya mbele ya kiti, mgongo usiegemee. Ukijikunja tumbo linabanwa na kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hakina pa kushuka, ndio maana unaishiwa pumzi katikati ya mstari. Karatasi inyanyue mpaka jicho lione noti na mikono ya mwalimu kwa pamoja.

Ya tatu, kupasha sauti. Hii naomba msiidharau, nawaona wale wanaosubiri wimbo uanze ndio wafungue mdomo. Ile noti ya la ambayo vyombo vingi vinatumia kujisawazisha ni mitetemo 440 kwa sekunde, kwa hiyo anayeiimba nyuzi zake za sauti zinafunguka na kufunga mara 440 ndani ya sekunde moja tu, alafu unataka zifanye kazi hiyo zikiwa zimelala. Fanya mazoezi yote hata kama unayajua, na kama mapumziko ulikuwa unapiga kelele uwanjani ujue umekuja na koo lililochoka.

Ya nne, mikono ya mwalimu ikipanda. Hapo kila kitu kinasimama, sentensi uliyokuwa unamwambia rafiki yako iache hapo hapo ilipofika, macho mbele, vuta pumzi na wenzako. Akikata, yaani mkono ukionyesha sauti iishe, kata. Na hapa sisi tunaoimba Kiswahili tuwe makini zaidi, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo ukichelewa kukata hata kidogo ile a yako au i yako inabaki inaning'inia peke yake ukumbi mzima unaisikia.

Sasa ya tano, na hapa ndio nitakaa sana kwa sababu kwa maoni yangu kwaya nyingi za shule zinaharibikia hapa. Ni pale mwalimu anapofundisha sauti nyingine, yaani kundi jingine la waimbaji lenye mstari wake. Yuko na sauti ya kwanza anawarudisha mstari huo huo mara sita, wewe uko sauti ya nne, huna cha kuimba, basi kunaanza minong'ono, mmoja anamchora mwenzake, mwingine analala. Mwalimu akirudi kwenu anakuta mmeshapoteza hata mlipoishia, tunaanza upya, na sauti ya kwanza nao sasa ndio wanaanza kupiga stori.

Fanya hivi. Karatasi iwe juu bado, fuata mstari wako kwa macho wakati wao wanaimba wa kwao, imba kichwani bila kutoa sauti, na naomba usigune tuni chini chini mdomo ukiwa umefunga maana unawapotezea noti zao. Alafu sikiliza kwa kutafuta kitu. Tafuta noti yako ya kuanzia, mara nyingi utakuta kuna sauti nyingine imeiimba muda mfupi kabla ya wewe kuingia, labda wale wa sauti ya pili wamemaliza kwenye noti ya so na wewe unaanza na so hiyo hiyo ila chini zaidi. Ukiipata piga alama kwa penseli. Siku hiyo hutaingia kwa kubahatisha, na mtu akikaa hivi darasa mbili tatu anaanza kusikia wimbo mzima badala ya kakipande kake tu, mimi hiyo raha siwezi hata kuielezea.

Ya sita ni kuhusu kukosea, wewe na wenzako. Ukikosea na unajua umekosea nyanyua mkono kidogo alafu endelea kuimba, mwalimu akiuona anajua hana haja ya kusimamisha watu wote kwa kosa ambalo mwenyewe umeshalijua. Jirani yako akikosea usimgeuzie macho, usimsukume kiwiko, wewe imba yako sawasawa tena kwa upole, atakusikia na atarudi. Na kama humsikii kabisa aliye kushoto na kulia kwako basi wewe ndio unaimba kwa nguvu kupita kiasi, punguza mpaka uwasikie.

Kuna hili la wavulana, naliomba kwa moyo wangu wote. Kwenye umri wa kubalehe, wengi kati ya miaka 12 na 16 hivi, koromeo linakua, nyuzi zinarefuka na kuwa nene, sauti inashuka na njiani inakatika katika. Sio kosa na sio uzembe. Nilishawahi kumuona kijana aliyekuwa tegemeo la sauti ya pili, siku moja sauti ikamkatika kwenye noti ya juu darasa likacheka, na kuanzia hapo alikuwa anachezesha midomo tu hatoi kitu. Kicheko cha sekunde mbili. Kwa hiyo darasa la kwaya hatucheki sauti ya mtu, hata awe rafiki yako wa damu, hata kama na yeye mwenyewe anacheka. Na wewe ambaye sauti inabadilika mwambie mwalimu akuhamishie mstari ulio rahisi kwako, kuhamishwa sauti sio adhabu.

Ukiumwa koo, kama unaweza kuja njoo, kaa, fuata kwa macho na uandike alama, ila usilazimishe kuimba na usinong'one kwa nguvu, huko nako kunachosha koo. Ukiwa hutakuja toa taarifa mapema. Solo, yaani sehemu ya kuimba peke yake, akipewa mwenzako mpigie makofi na umshikie sauti yako vizuri pale nyuma yake, anakutegemea.

Ya mwisho, siku ya onyesho. Mnapanda jukwaani kimya kwa mstari, ukimuona mama au rafiki usipunge mkono, ameshakuona. Nywele, kola, vyote malizana navyo nje. Ukikosea usikunje uso wala usiangalie jirani, wasikilizaji wengi hawajasikia kosa, watalijua kwa sura yako. Ukihisi kizunguzungu kaa chini taratibu pale pale, hamna atakayekulaumu, na wa pembeni aone kama uko sawa huku wengine wanaendelea.

Alafu noti ya mwisho ikiisha, hapa ndio wengi wanajiachia, wanapumua puu, wanashusha karatasi. Hapana. Mwalimu mikono yake bado iko juu, ile sauti bado inatembea ukumbini, nyie bado mnaimba ingawa hamtoi kitu. Simama vile vile, macho kwake, usimeze mate hata, mpaka mikono ishuke. Simamisha video hapa ujaribu, imba noti moja, kata, alafu kaa hivyo uhesabu mpaka tano.