Kwa nini Islii?

Niruhusuni nianze na chumba. Chumba cha kulala wageni katika Garissa Lodge, Eastleigh, Nairobi, mtaa tunaouita Islii, miaka ya mwanzo ya 1990. Rais wa Somalia, Siad Barre, ameng'olewa Januari 1991, watu wanavuka mpaka kuingia Kenya kwa wingi. Usiku chumba kinalaza familia. Kukipambazuka, nguo zinatandazwa juu ya kitanda kilekile, mlango unaachwa wazi, biashara inaanza. Hatimaye wageni wa kulala wakaisha na maduka yakabaki. Loji ikawa jengo la biashara, na majirani wakaiga.

Tunapenda kusema Wasomali wako Islii kwa sababu wanapenda kukaa pamoja. Haya, nani hapendi? Lakini kwa nini pale, na si Karen, mtaa wa matajiri?

Mwaka 1913 daktari mmoja, Simpson, aliishauri serikali ya kikoloni igawe miji kwa rangi za watu. Tauni ndiyo iliyotajwa kuwa sababu. Ardhi nzuri haikutajwa sana. Milimani pakawa pa Wazungu. Eastleigh, upande wa mashariki kwenye tambarare, pakawa mahali ambapo Mhindi angeweza kununua kiwanja, na Wasomali walikuwapo tangu enzi hizo. Baada ya uhuru Wahindi wengi wakahamia mtaa wa Parklands, wengine Uingereza. Nyumba zao zenye ua na vyumba vingi zikafaa kupangishwa chumba kimoja kimoja.

Kwa hiyo mkimbizi wa 1991 alikuta vitu viwili: chumba na mtu anayeujua ukoo wake. La pili ndilo zito. Huna kitambulisho, huna benki, nani atakukopesha mzigo? Anayemjua babu yako. Hawala nayo, yaani kutumiana pesa kupitia mawakala bila benki, inasimama juu ya kuaminiana huko huko.

Ila msiniambie ni mtaa wa Wasomali peke yao. Waoromo wapo. Miraa inashuka kutoka Nyambene na Wameru wake. Vijana wa Mathare, hapo jirani tu, wanabeba mizigo. Mwaka 2014 polisi walipofanya msako na kupeleka watu uwanja wa Kasarani, wateja walipungua, na mbeba mzigo naye akakosa mkate.

Na siku hizi? Waliojaliwa wamenunua nyumba mtaa wa South C. Asubuhi wanarudi Islii kufungua maduka, jioni wanaondoka. Vile vyumba vya ghorofani bado vina wapangaji.