Zimwi lenye zipu mgongoni

Mazungumzo na vijana wanaopenda filamu, Mji Mkongwe, Unguja. Yameachwa kama yalivosemwa.

Asalaam alaykum. Haya mlosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele, sing'ati mtu. Mmenambia nizungumze kuhusu filamu za mazimwi, nikauliza mazimwi ya pesa nyingi au ya pesa kidogo, mkasema ya pesa kidogo, basi mmempata mtu wenu mana haya ya pesa nyingi mimi huwa nasinzia katikati, wallahi.

Tuanze Jaws Corner. Mnapita pale kila siku, mnakunywa kahawa, papa kachorwa ukutani, lakini muulize kijana wa leo kwa nini pakaitwa hivo, wengi hawajui kama ni jina la picha. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tokea mwanzo wa miaka ya 70, bara walisubiri mpaka miaka ya 90, na wakubwa wanasema pale watu walikuwa wakikusanyika kutizama na picha ya yule papa, ya mwaka 1975, ndo iliyoacha jina. Sasa picha ile haikuwa ya bei rahisi hata kidogo lakini ina siri moja inatuhusu. Papa wa mashine waliemtengeneza akiingia maji ya chumvi tu anaharibika, kila siku yuko kwa mafundi, ikabidi Spielberg, muongozaji wa picha, apige bila ya papa, akaonesha maji, akaonesha mapipa ya manjano yanakwenda yenyewe, akatia muziki, na watu wakaogopa zaidi kuliko vile angemuonesha.

Mwenye pesa akiharibikiwa na papa wake ana pahala pa kujificha. Mwenye pesa kidogo hana, kwa sababu zimwi keshaliuza kwenye bango.

Nisikilizeni hapa mana ndo penyewe. Marekani miaka ya 50 kulikuwa na kampuni ikiitwa American International Pictures, na bwana mmoja pale, James Nicholson, yeye kazi yake anaanza na jina la filamu na bango, wenye majumba ya sinema wakilipenda ndo watu wanakwenda kuandika stori. Yani stori inakuja nyuma! Na mchoraji wa bango rangi ni ile ile, akitaka zimwi refu kuliko ghorofa anachora, mji unaungua anachora, mwanamke kazirai anachora. Halafu lile bango linapelekwa kwa fundi, anaambiwa haya, tutengenezee hili, na pesa ni hizi hapa. Fundi anazihesabu. Ananyamaza.

Fundi mwenyewe mara nyingi alikuwa Paul Blaisdell, yeye na mkewe, wanatengeneza nyumbani. Mwaka 1956 muongozaji Roger Corman akataka dude kutoka sayari ya Zuhura kwa ajili ya picha inaitwa It Conquered the World. Hoja yao ilikuwa hivi, huko linakotoka mvutano mkubwa, kila kitu kinavutwa chini, kwa hio kiumbe wa huko hawezi kuwa mrefu, atakuwa mfupi, mpana, kakaa chini kabisa. Sayansi yenyewe ina kasoro zake lakini oneni watu walivokaa wakafikiri! Siku ya kupiga picha dude likaletwa, kama kawa la kufunikia chakula lililoota meno na makoleo mawili ya kaa. Beverly Garland, mwanamke wa kwenye ile picha, akalitizama kwa juu, akauliza hili ndo limeiteka dunia, akalipiga teke. Corman akaamrisha liongezwe urefu chapuchapu.

Kwa hio tukisema picha mbovu mpaka inakuwa tamu, mimi naona utamu wake ndo huo, kwamba hapana mtu aliekuwa anafanya mzaha. Walikuwa wanataka kututisha kwa dhati ya roho zao, akili wanayo, juhudi wanayo, kilichokosekana ni pesa na siku, na sisi tunaona wazi pale pesa zilipokwishia, tunaona zipu mgongoni, na ukishaiona zipu unaanza kumpenda yule mtu aliyomo ndani anaetoka jasho.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni The Giant Claw ya 1957. Ndege mkubwa katoka anga za mbali huko, rada haimuoni, risasi haimpati. Prodyuza wake Sam Katzman, mkono wa birika maarufu Hollywood nzima, alivoona kazi ya ndege ikifanywa sawasawa itamla pesa akaipeleka Mexico City ikafanywe rahisi. Sasa waigizaji wakapiga sehemu zao zote bila ya kumuona ndege, wameambiwa tu kuna ndege ukubwa wake kama manuari, tizama juu, ogopa, na wao wakatizama juu wakaogopa kwa nguvu zao zote. Jeff Morrow, stelingi, mara ya kwanza kumuona ndege ni ndani ya jumba la sinema, filamu inaoneshwa mji wa kwao, wanaomjua wamejaa. Ndege anatokea. Shingo refu la mikunjo, macho yametoka nje, pua zimetanuka, na utosini kishungi cha nywele kimesimama. Jumba zima kicheko. Kila akitokea, kicheko. Mwanamme wa watu akajishusha kwenye kiti, akatoka kabla hawajamtambua, akaenda zake nyumbani kulewa, kasimulia mwenyewe baadae.

Sasa mkiitizama, ndege mwacheni, mtizameni Morrow. Anazungumza habari za atomu kavaa uso wa hakimu. Hajui. Hajui kabisa kinachomsubiri. Hakuna muigizaji unaweza kumlipa akakufanyia vile.

Robot Monster ya 1953 ntaipitia haraka. Phil Tucker alitaka roboti, roboti ghali, akamkumbuka jamaa yake George Barrows ana suti yake mwenyewe ya sokwe, basi sokwe kavalishwa helmeti yenye antena, roboti huyo. Wameipiga kwa siku 4, kwa kiasi cha dola 16,000. Sokwe kamaliza binaadamu wote wamebaki 8, na kwenye pango lake ana mashine ya kutoa mapovu ya sabuni, ya nini sijui, lakini mashine ile imetajwa kwenye majina mwanzo wa filamu. Na muziki wa picha ile, mtashangaa, kautunga Elmer Bernstein, yule yule aliekuja kutunga muziki wa The Ten Commandments.

Halafu kuna pweza. Hii lazima niiseme kwa sababu watu wa pwani tuna haki ya kuisemea. Bride of the Monster, 1955, Ed Wood, na mzee Bela Lugosi aliewahi kuwa Dracula mwaka 1931. Pweza wa mpira, mikono haiendi, hana mota. Kwa hio anaeuliwa ndo anafanya kazi yote yeye, anaushika mkono wa pweza, anajizungushia, anajikaba, anapiga ukelele, akimaliza huo anautafuta mwengine. Kaioneshe picha ile Jambiani au Paje kwa kina mama wanaokwenda kuchokoa pweza maji yakitoka, wale wanaojua pweza wa kweli akishika mkono anavovuta, watakwambia pweza yule keshapigwa tayari, kilobaki nazi tu.

(Kicheko.)

Hivo mnavocheka ndo nusu ya filamu hio. Wamarekani mwaka 1988 walianzisha kipindi kizima cha televisheni, Mystery Science Theater 3000, watu wamekaa wanatizama picha mbovu na kuisema sema juu yake, wakaona wamevumbua kitu. Sisi kwenye sinema zetu, Majestic pale Vuga, na Empire, na Cine Afrique, watu walikuwa wanafanya bure! Stelingi geuka nyuma! Adui yuko juu ya mti! Aliekwisha kuiona jana anamwambia wa leo nani atakufa, ugomvi hapo hapo. Picha mbovu ukiitizama peke yako kwenye simu usiku ni adhabu, utaizima dakika ya kumi, inataka watu, inataka mmoja mwenye mdomo.

Na hapo nataka kuingiza The Creeping Terror ya 1964. Zimwi lake ni zulia. Sisemi linafanana, namaanisha watu wamejifunika kitu cha zulia zulia wanatambaa chini, viatu vinaonekana, na kwa vile haliwezi kumkimbiza mtu, mtu inabidi amsaidie, ajitie mwenyewe mdomoni. Lakini kubwa ni sauti. Mazungumzo mengi hayasikiki, badala yake bwana mmoja anahadithia, huyu kamwambia yule hivi, yule kajibu hivi. Wazungu wanaona kituko, sisi tuliokulia kwenye kanda za Lufufu, yule bwana akihadithia picha za nje kwa Kiswahili juu yake, tunaona mbona kawaida? Tena yule wao baridi, hana utani, Lufufu angelipewa zulia lile angelipa na jina la ukoo.

Sharknado, najua mnataka kuniuliza. 2013, papa wanabebwa na kimbunga, wameendelea mpaka ya 6. Mimi hainipendezi. Wale wanajua kuwa ni mbovu, wamepanga iwe mbovu, kila dakika wanakukonyeza umeona, umeona? Ukijua mtu kakosea kwa makusudi unacheka kwa adabu tu. Sikatai ina watu wake, na pesa imeingiza, lakini usiiweke meza moja na kawa la Blaisdell.

Maswali. Naam, dada wa buibui pale mbele. Kwa nini hatuna picha yetu wenyewe ya popobawa ya kuchekesha?

Aah. Swali zito hilo. Bara wamewahi kumtia kwenye filamu zao. Sisi hapa ntakwambia nnavoona mimi. Mwaka 1995 lile zimwi la usiku lilipoanza Pemba likaja Unguja, watu walilala nje, familia nzima barazani, moto umewashwa, na hapana mtu aliekubaliana na mwenziwe yukoje, huyu anasema mbawa, huyu harufu, huyu kivuli. Hapana zipu pale. Na alikuwepo maskini ya Mungu mmoja, mgonjwa wa akili, watu wakamdhania ndo yeye wakamuua, mjini humu humu. Kwa hio mtu mzima alieyaona yale ukimwambia uje ucheke anakutizama tu. Lakini sisemi msifanye! Nyinyi wengi hamkuwa mmezaliwa. Fanyeni, ila muamue kabla ya kuwasha kamera: ama hatumuoni kabisa mpaka mwisho, iwe picha ya watu wanaolala nje na wanavotizamana, ama mumuoneshe, na mkimuonesha hata kama ni mwamvuli mbovu na kitambaa cheusi, aktas wenu waogope kikweli, asicheke mtu, asiombe radhi mtu.

Pesa? Hio sababu siipokei. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Nabwana katengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa chini ya dola 200 kwa maneno yao wenyewe, helikopta za kompyuta, bunduki za kuunga unga, na mtu wa kuisemea juu yake anaipiga kelele mwanzo mpaka mwisho, leo inatizamwa dunia nzima. Si ya zimwi ile, lakini dawa ni hio hio, pale hapana aliekuwa anajifanya hajali.

Bwana yule kwenye nguzo? Tuanze na ipi usiku huu? The Giant Claw, na msiondoke mapema mkaniambia mbona hakuna ndege, wanamchelewesha makusudi kwa sababu hata wao nadhani walimuonea haya. Robot Monster fupi, saa moja na kidogo, tutaitia baada yake. Isha hio inaadhiniwa, tukasali kwanza, na atakaewahi kurudi asikalie viti vya watu.