Ardhi Iliyosogea Chini ya Goma: Satelaiti Inaona Nini, na Inapita Lini

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, na nawashukuru walioandaa kwa kukubali nizungumze kwa Kiswahili. Nililiomba hilo mapema, kwa sababu watu wa mji nitakaousimulia leo waliambiana "tukimbie" kwa Kiswahili hikihiki.

Tazameni picha hii ukutani. Kwa mbali utadhani ni mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi: mkanda mwekundu, wa njano, wa kijani, wa bluu, halafu mwekundu tena. Hapa juu ni mlima wa volkano Nyiragongo. Huku chini, hili bapa jeusi, ni Ziwa Kivu. Katikati ni Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, na ukivuka mpaka unaingia Gisenyi, Rwanda. Picha imetokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa kabla na baada ya tarehe 22 Mei 2021, siku mlima huo ulipolipuka. Kila unapomaliza duru moja ya rangi, kutoka nyekundu hadi nyekundu inayofuata, ujue ardhi imesogea sentimita 2.8 kuelekea satelaiti ilipo, au kwenda mbali nayo. Sasa hesabuni mikanda inayopita juu ya mji. Ni mingi, na chini ya kila mmoja kuna nyumba za watu.

Kwanza niwaeleze picha kama hii inapatikanaje, maana wengi tukisikia satelaiti tunafikiria kamera kubwa iliyoning'inia angani. Kamera zipo, na zina kazi yake. Lakini kamera inataka jua na mbingu safi, na maafa mengi huja na mawingu yake, au huja usiku. Mafuriko ni mvua, kimbunga ni wingu lenyewe, na volkano hujifunika moshi. Kwa hiyo chombo ninachokipenda kuliko vyote ni rada. Satelaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa Aprili 2014, huzunguka dunia kilomita 693 juu yetu. Haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, yanapenya wingu, yanagonga ardhi, yanarudi.

Mkirudi nyumbani leo jaribuni jambo hili. Zimeni taa, wekeni sufuria ya maji yaliyotulia sakafuni, kisha mulikeni tochi kwa pembeni, kwa mshazari. Sakafu itaonekana, lakini uso wa maji utakuwa mweusi, kwa sababu maji laini huurusha mwanga upande wa pili badala ya kuurudisha kwako. Rada nayo huona hivyohivyo. Baada ya kimbunga Idai kuipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, anga ilikuwa imefunga, lakini rada ilionyesha weusi umetanda kando ya mito ya Buzi na Pungwe, mahali palipokuwa na mashamba na vijiji wiki chache kabla. Waokoaji walipata ramani ya maji wakati macho ya kawaida hayakuona kitu.

Lakini hiyo ni kazi nyepesi ya rada. Kazi yake nzito ndiyo hii ya rangi.

Satelaiti ikipita mahali palepale mara mbili, kwa njia ileile angani, tunalinganisha wimbi lililorudi mara ya kwanza na lililorudi mara ya pili. Wimbi lina mgongo na bonde. Kama ardhi haikusogea, migongo italingana na mabonde yatalingana. Kama ardhi imevimba hata upana wa kidole, wimbi la pili linarudi mapema kidogo, mgongo unaangukia mahali pa bonde, na tofauti hiyo ndiyo tunayoipaka rangi. Kwa kuwa wimbi limekwenda na kurudi, duru moja ya rangi ni nusu ya urefu wake. Ndiyo zile sentimita 2.8.

Kuna mahali jambo hili linakataa. Kwenye msitu au shamba la migomba, majani ya leo si ya juzi, upepo umeyageuza, mengine yamekua, na mawimbi yanarudi yamevurugika. Miteremko ya milima ya Virunga ina misitu minene, kwa hiyo huko tunasoma kwa shida. Goma ni tofauti. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya lava iliyoganda, mawe meusi makavu yasiyobadilika, na mawe hayo husomeka vizuri mno. Kile kinachouweka mji hatarini ndicho kinachoturahisishia kuusoma. Miaka yote niliyoshughulika na picha hizi, jambo hilo halijanitoka moyoni.

Nyiragongo ina historia. Kileleni huwa na ziwa la lava, na lava yake ni nyepesi sana, hutiririka kama uji, kwa wepesi kuliko karibu lava yote inayojulikana duniani. Januari 1977 ziwa hilo lilimwagika kwa chini ya saa moja, likateremka kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani.

Ndipo tunafika Jumamosi ile ya Mei 2021, jioni. Anga juu ya Goma ikawa nyekundu. Lava ilishuka, ikakata barabara ya kwenda Rutshuru, ikafunika nyumba za kitongoji cha Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wakadhani yamekwisha. Kumbe yaliyo makubwa yalikuwa chini. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, nyufa zikafunguka mitaani, kwenye lami na katika kuta, na kiini cha matetemeko kikawa kinahama kutoka mlimani kuelekea kusini, kuelekea ziwani. Satelaiti za rada zilipopita na vipimo vikalinganishwa, mikanda hii ikajitokeza: magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, ilikuwa imejipenyeza kama ubao uliosimama wima, ikapita chini ya mji wenyewe, si mbali na uso wa ardhi, na kuendelea chini ya ziwa.

Hilo la ziwa liliwatisha wataalamu kuliko lava. Maji ya chini ya Kivu yamebeba hewa ukaa ya kilomita za ujazo 300 hivi, na methani ya takribani 60. Kama joto lingeyachafua maji ya kina na gesi hiyo kupanda juu, ingewakosesha pumzi watu wengi wanaoishi pwani yake. Tarehe 27 Mei mamlaka ikaamuru mitaa kumi ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, wengine kwa miguu hadi Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, magodoro yakiwa kichwani na juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Namshukuru Mungu, lililohofiwa halikutokea.

Swali ninaloulizwa kila ninapoonyesha picha hii ni kwa nini satelaiti haikusema mapema. Nalijibu bila kuzunguka. Watafiti waliochambua tukio hilo baadaye waliona kwamba hakukuwa na uvimbe wa ardhi wa siku nyingi kabla, wala gesi iliyoongezeka, ule mwenendo tuliozoea kuutafuta. Dalili za kwanza kwenye vipima tetemeko zilikuja chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Ubavu wa mlima ulipasuka, na magma ilikuwa tayari iko pale juu. Satelaiti inayopita baada ya siku kadhaa haiwezi kuwahi jambo la dakika arobaini.

Linganisheni na kimbunga Hidaya, Mei 2024. Kilionekana kikijikusanya baharini siku kadhaa kabla ya kufika Mafia, kwa sababu satelaiti za hali ya hewa zinakaa kilomita 36,000 juu ya mahali pamoja na kupiga picha kila baada ya dakika 15. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliweza kutangaza, na wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kimbunga kinatembea, unakiona kinatembea. Mwamba unaopasuka hautembei mbele ya macho ya mtu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa satelaiti zipo, vituo vya ardhini vinaweza kupungua. Goma ina kituo chake cha kuchunguza volkano, na vipima tetemeko vyake vinasikia kila sekunde. Rada hunieleza magma imelala wapi na ni nyingi kiasi gani, vipima tetemeko hunieleza kwamba imeanza kutembea sasa hivi. Kipima tetemeko kimoja kikikosa betri, au kikiibiwa, hakuna picha ya angani inayokiziba.

Na kuna mambo ambayo rada haitayaona kabisa. Watu wa Goma wana neno, mazuku, ambalo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua na kulitumia kama lilivyo. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, hasa alfajiri upepo ukiwa umelala. Haina rangi. Mbuzi anaingia bondeni hatoki, mtoto anaenda kumtafuta. Aliyelifahamu bonde hilo ni jirani, na ndiye anayesimamisha kibao pale.

Mama mmoja aliyepoteza nyumba Buhene aliwahi kuitazama picha hii pamoja nami. Hakuniuliza kuhusu rangi wala mawimbi. Aliweka kidole mahali nyumba yake ilipokuwa, akataka kujua chombo hicho kitapita tena lini juu ya hapo. Nikamwambia ukweli: satelaiti moja ya aina hii hurudi kwenye njia ileile kila baada ya siku 12, zikiwa mbili ni siku 6. Akahesabu kwa vidole, kisha akauliza katikati ya siku hizo nani anautazama mlima.