Injini Isiyotupa Kitu

Walimu wenzangu, vijana wangu, tuanzie hapa kwetu Dunga. Uko ziwani ndani ya mtumbwi, kasia limekuponyoka. Simama usukume ubao wa mbele kwa nguvu zako zote: giza litakukuta pale pale. Lakini kama una mawe, rusha moja nyuma, mtumbwi utasogea mbele. Rusha la pili, kasi inapanda juu ya ile ya kwanza. Maji yatakuzuia, najua. Angani hakuna maji.

Chombo cha Dawn, kilichorushwa na Marekani mwaka 2007, kilirusha "mawe" ya gesi ya zenoni. Msukumo wake haukuzidi uzito wa karatasi mbili mkononi. Kufikia kasi ya matatu, kilomita 80 kwa saa, kilihitaji siku tatu na zaidi. Msicheke! Injini zake zilifanya kazi kwa jumla ya zaidi ya miaka 5, zikabadilisha kasi yake kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Kikafika kwenye asteroidi Vesta mwaka 2011, na sayari kibete Ceres mwaka 2015.

Sasa, kila nikizungumza, kijana ananionyesha video ya injini isiyotupa chochote. Ananiambia, "Mwalimu, labda Newton alikosea aliposema kila msukumo una msukumo wa kinyume." Haya, tumwache Newton, tushike tokeni za stima. Injini hiyo inakula umeme ule ule kila saa, na mchapuko wake haubadiliki, yaani kasi inaongezeka kwa kiasi kile kile kila saa. Baada ya saa 2, kasi ni mara 2 ya ile ya saa ya kwanza, na tokeni ulizotumia ni mara 2. Lakini nishati ya mwendo hufuata kasi kwa kipeo cha pili: imekuwa mara 4. Saa ya 10, tokeni mara 10, nishati mara 100. Iache iendelee, itafika siku itoe nishati zaidi kuliko uliyoinunua. Nani aliilipia? Roketi ya kweli haina tatizo hilo, kwa sababu gesi iliyotupwa nyuma nayo imo kwenye hesabu. EmDrive, injini ya aina hiyo iliyodaiwa kusukumwa na mikrowevu iliyofungiwa ndani, ilipopimwa kwa makini kule Dresden, Ujerumani, msukumo haukuonekana.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, chombo cha angani cha IKAROS cha Japani, 2010, hakikuhitaji kutupa gesi ili kisukumwe. Muda umeniishia, nijibu kwa ufupi: lile ni tanga. Mwanga wa jua unalipiga kutoka nje, kama upepo unavyopiga matanga ya wavuvi wetu.