Tezi, Omo na Ngama: Ziara Ndani ya Queen Elizabeth 2

WEKESA: Hamjambo wasikilizaji, na karibuni tena katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa Kisumu, si mbali na gati. Mwenzangu Achieng' amerudi juzi kutoka Dubai, na badala ya kutuletea habari za maduka ya dhahabu ametuletea habari za meli. Ni meli gani hiyo, dada?

ACHIENG': Asante, kaka Wekesa. Ni Queen Elizabeth 2, ambayo wengi huiita QE2. Malkia Elizabeth wa Pili mwenyewe aliizindua tarehe 20 Septemba 1967 kule Clydebank, Uskoti, na tangu Aprili 2018 imekuwa hoteli iliyofungwa gatini katika bandari ya Mina Rashid. Ina urefu wa mita 293 na sitaha 13, kwa hiyo ukisimama gatini karibu na ubavu wake huioni meli, unaona ukuta tu wenye madirisha ya mviringo.

WEKESA: Ulianzia wapi? Wahenga wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma ya chombo au mbele, mwisho utarudi chini tumboni mwake.

ACHIENG': Methali hiyo ndiyo iliyonisumbua siku nzima, na nitakueleza sababu. Mgeni huanzia katika jengo la nchi kavu, lenye mapokezi na maonyesho ya historia, kisha ndipo anapovuka kuingia melini. Mahali pa kwanza paliponisimamisha ni ukumbi uitwao Queen's Room, uliobuniwa na Michael Inchbald kuwa sebule ya abiria wa daraja la kwanza. Nguzo zake ni nyembamba chini na hupanuka kadiri zinavyokwenda juu, hadi zinapogusa dari zinafanana na tarumbeta zilizoelekeza vinywa angani. Meli hii ilipoanza safari yake ya kwanza ya abiria kutoka Southampton kwenda New York, tarehe 2 Mei 1969, watu waliozoea kumbi za mbao nzito walikutana na kitu cha kizazi kipya kabisa, na hata leo, kwa maoni yangu, hakuna chumba kingine humo kinachoufikia ukumbi huo.

WEKESA: Je, kilichopo ni kile kile cha mwaka 1969?

ACHIENG': Hapo ndipo waongozaji wa ziara hupaswa kuwa waangalifu, kwa sababu meli hii imegeuzwa mara nyingi. Mwaka 1972 iliongezewa vyumba vya kifahari juu, na mwaka 1994 ilikarabatiwa tena, na ukumbi wa mviringo wa katikati, uliokuwepo tangu mwanzo, ukabadilishwa sura. Sebule ya ghorofa mbili iliyokuwa ya abiria wa daraja la chini ilibadilishwa jina na sura, na sasa inaitwa Grand Lounge. Tena usisahau vita vya Falkland vya mwaka 1982 kati ya Uingereza na Argentina, ambapo meli ilichukua askari wapatao 3,000, mazulia yakafunikwa kwa mbao, na viwanja vya helikopta vikajengwa juu ya mabwawa ya kuogelea. Mtu akikuambia kwamba chumba fulani ni halisi, muulize ni halisi cha mwaka gani.

WEKESA: Nimesoma kwamba ilikaa Dubai miaka mingi kabla ya kufunguliwa.

ACHIENG': Karibu miaka kumi. Iliuzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 100 za Marekani, ikafika Dubai Novemba 2008, wakati ule ule msukosuko wa fedha ulipoikumba dunia. Mipango ya awali ilikuwa ya kubomoa na kujenga upya sehemu kubwa ya ndani, lakini fedha zilipokauka mipango hiyo ikalala, na meli ikabaki imefungwa kamba kama ng'ombe asiye na mwenyewe. Mimi nasema ukata ndio uliouokoa Queen's Room.

WEKESA: Na sitaha za nje je?

ACHIENG': Huko nilisikitika kidogo. Kuna sitaha inayoitwa Sitaha ya Mashua, na mashua za kuokolea zilizoning'inia hapo zote zimeondolewa. Zaidi ya hayo, sehemu ya juu ya meli ni ya alumini, jambo lililopunguza uzito na kuwawezesha wajenzi kuongeza sitaha bila meli kuzama sana majini. Upana wake nao ulipimwa ili iweze kupita katika Mfereji wa Panama. Hesabu zote hizo zilifanywa kwa ajili ya chombo cha kusafiri, lakini leo wageni huishia kupiga picha ya bomba la moshi.

WEKESA: Sasa turudi ngamani.

ACHIENG': Ziara yangu haikushuka huko. Tulionyeshwa daraja la nahodha, lakini mashine hatukuziona, ingawa kwangu ndizo zenye simulizi kubwa kuliko zote. Meli ilianza kwa mvuke, na tabo zake, yaani mitambo inayozungushwa na mvuke huo, zilileta matatizo makubwa hata kabla ya safari ya kwanza. Miaka ya 1986 na 1987 ilipelekwa Bremerhaven, Ujerumani, mfumo wote wa mvuke ukang'olewa, zikawekwa injini tisa za dizeli za kuzalisha umeme, na umeme huo ndio uliozungusha rafadha mbili za kuisukuma meli.

WEKESA: Hapo umenigusa, kwa maana sisi wa Kisumu tunaijua kazi hiyo. Meli ya Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow huko huko Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hapa Kisumu na kuunganishwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilipokarabatiwa na kurejeshwa ziwani mwaka 2020, Watanzania waliipa injini mpya na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, na bado inabeba watu na mizigo kati ya Mwanza na Bukoba.

ACHIENG': Kwa hiyo ile kubwa imekuwa hoteli, na ile iliyokuja kwa vipande bado inatafuta riziki.

WEKESA: Ulilala humo?

ACHIENG': Usiku mmoja. Kuta za vijia zina vishikio vya mkono vya kumsaidia abiria bahari inapochafuka, nami niliyezoea feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita nikajikuta nimevishika njia nzima hadi chumbani, ilhali sakafu haikutikisika hata kidogo. Mhudumu mmoja alinipita akiwa amebeba sinia la vikombe kwa mikono yote miwili, akanitazama, akacheka.