Kulala kwenye vibanda vya milimani na baiskeli: hesabu masaa, siyo kilomita

ZUHURA: Haya karibuni jamani, leo ni zile safari za kupakia baiskeli ya mlimani, unapanda nayo porini mpaka kwenye kibanda, unalala, asubuhi unaendelea. Tutashika zaidi njia moja, Old Ghost Road ya New Zealand, maana ukiielewa ile nyingine hazikupi shida.

BARAKA: Naipenda sana ile njia. Kilomita 85, Lyell mpaka Seddonville, kisiwa cha kusini upande wa magharibi. Wachimba dhahabu wa karne ya 19 waliichonga kutoka pande zote mbili hawakuwahi kuziunganisha, ikaachwa ikamezwa na msitu zaidi ya miaka mia, halafu wakaja watu wengi tu wa kujitolea wakaikamilisha, ikafunguliwa yote mwisho wa 2015. Mimi nikifikiria ile kazi ya kupasua mwamba kule juu nawaheshimu mno wale watu.

ZUHURA: Sasa mtu anasikia 85 anasema aah, mbona barabarani napiga zaidi ya hiyo kwa siku.

BARAKA: Na wapo wenye pumzi wanaimaliza kwa siku moja kweli. Ila wewe una mzigo dada, na hizo siyo kilomita za lami. Ukitoka Lyell unapanda tu, kilomita 18 mpaka kibanda cha Lyell Saddle, halafu unazidi kupanda mpaka miti inaisha kabisa uko wazi kwenye upepo, mita kama 1,300 hivi, ndo unakuja kufika Ghost Lake na hapo umemaliza kilomita 30 tu. Kwa hiyo mimi nasema kila siku, panga kwa masaa ya mwanga na mita za kupanda, kilomita ziangalie mwisho.

ZUHURA: Na watu wanadhani baada ya Ghost Lake ni mteremko raha tupu, kumbe mbele kuna zile ngazi, unashuka unaishika baiskeli mkononi, na ukishafika bondeni Stern Valley kesho yake unapanda tena.

BARAKA: Eeh, Boneyard ile, mawe matupu. Uzuri wa kibanda lakini ni kwamba kinakupunguzia mzigo. Vibanda vikuu vya Old Ghost Road vina magodoro, jiko la gesi, sufuria, vyombo, maji ya mvua kwenye tangi. Hema unaliacha nyumbani, jiko unaliacha, unabaki na mfuko wa kulalia, chakula na nguo, na baiskeli inabaki kuwa baiskeli, unaweza kukata kona na kuruka mzizi bila kuburuzwa na mizigo.

ZUHURA: Ila usichukulie vibanda vyote ni hivyo! Paparoa kwa mfano, njia nyingine ya huko New Zealand, ile ya kilomita 55 iliyotengenezwa kuwakumbuka wachimba makaa 29 waliofariki mgodi wa Pike River mwaka 2010, vibanda vyake gesi ipo lakini sufuria unabeba yako. Soma ukurasa wa kibanda chako kabla hujafunga begi.

BARAKA: Kweli kabisa.

ZUHURA: Halafu kuna jambo nataka nilisisitize. Kibanda kipo, sawa, umelipia kitanda chako, sawa, lakini baiskeli ikigoma katikati au mvua ikijaza kijito usivuke, usiku ule hutalala kwenye kibanda. Kwa hiyo ule mfuko mwepesi wa dharura wa kujifunika, koti la mvua la ukweli, nguo moja ya joto iliyofungwa isilowe kabisa, taa ya kichwani, na chakula cha mlo mmoja wa ziada, hivyo haviachwi hata njia iwe rahisi vipi. Mtu anakuambia nimepunguza gramu mia tatu, gramu hizo ndo zinakushika mpaka asubuhi.

BARAKA: Naunga mkono. Na kwenye kupakia, vizito viweke chini katikati ya fremu, zana, chakula, maji. Mbele kwenye usukani weka kitu chepesi kama mfuko wa kulalia, ukiweka uzito pale kila kona inakuwa ya kubishana. Na begi la nyuma ya siti kaa juu ya baiskeli uibonyeze shokapu mpaka mwisho uone kama tairi linagusa begi, maana likigusa mteremkoni linachanika na vitu vinamwagika huko nyuma huna habari. Shokapu yenyewe na tairi ziongeze upepo kidogo, mzigo umeongezeka.

ZUHURA: Spea je?

BARAKA: Tyubu, pampu, viraka, kiungo cha mnyororo, pedi za breki, kwenye matope ya mvua pedi zinaisha haraka usivyotegemea. Na kile kipande kidogo kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma, kila baiskeli kina umbo lake, ukianguka kinapinda au kukatika na huwezi kuazima kwa mwenzako.

ZUHURA: Simu huko sehemu kubwa haishiki. Beba kile kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti, na kila kibanda unachopita andika kwenye daftari jina, umetoka wapi na unaelekea wapi, hata kama hulali hapo, maana ukipotea watafutaji wanaanzia kwenye lile daftari.

BARAKA: Na kwa anayeanza? Mimi ningesema njia yote, usiku mbili.

ZUHURA: Hapana kaka, hapo sikubaliani na wewe. Aende Lyell Saddle alale usiku mmoja arudi alikotoka, kesho yake ni mteremko mtupu kilomita 18 mpaka kwenye gari. Ajue mzigo wake unakaaje kwanza.

BARAKA: Haya umenishawishi. Na anayetaka Heaphy, njia nyingine ya huko huko, aangalie kalenda, baiskeli zinaruhusiwa tarehe 1 Mei mpaka 30 Novemba tu, na katikati hapo ni baridi na siku fupi, masaa ya mwanga yanapungua.

ZUHURA: Na kitanda akate mapema, wikiendi vinaisha.