Kwa Nini Chembe za Dhahabu Huwa Nyekundu

Ndugu wasikilizaji, mstari mwekundu unaojitokeza kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria si wino. Ni dhahabu, ya chembe zenye kipenyo cha kama nanomita 40 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Dhahabu ina elektroni zisizofungwa kwenye atomu yoyote. Mwanga ukipita kwenye chembe iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi lake, huzisukuma elektroni hizo zote kwa pamoja, huku na huku, kama maji ya ndoo aliyojitwisha mtu. Mwendo wa mbebaji ukilingana na mchezo wa maji, yanamwagika. Mtetemo huo wa pamoja ndio plazimoni. Kwa chembe za nanomita 15 hivi ndani ya maji, ulinganifu huja kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520: kijani humezwa, jicho linabakiwa na wekundu. Chembe za madini ya fedha humeza mwanga wa karibu na 400, ndiyo maana maji yake huwa ya njano. Hesabu kamili ilitolewa na mwanafizikia Gustav Mie mwaka 1908.

Tuingie maabara, tuzitengeneze chembe hizo. Vyombo vioshwe kwa mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki, 3 kwa 1, kisha visuuzwe vizuri kwa maji yaliyokenekwa. Uchafu kidogo tu huwa kiini cha mabonge. Chemsha mililita 50 za asidi ya kloroauriki, yaani dhahabu iliyoyeyushwa, ya asilimia 0.01 huku ikikorogwa. Ikitokota, mimina kwa mkupuo mililita 1 ya sodiamu sitreti ya asilimia 1. Njano hutoweka, huja buluu yenye kiza, zambarau, halafu wekundu wa divai. Kwa vipimo vya mtafiti Frens vya 1973, utapata chembe za nanomita 16 hivi. Ukitia nusu mililita, utapata kama 41. Naam, sitreti ikipungua chembe hukua: viini ni vichache, na dhahabu ni ileile.

Adui mkubwa ni chumvi. Sitreti huzipa chembe chaji hasi, zikasukumana. Chumvi huufifisha msukumano huo. Chembe zikigusana, plazimoni zao huungana na rangi hugeuka buluu. Hitilafu hiyohiyo tunaitumia kama kipimo. Baada ya kuzivika chembe kingamwili, yaani protini zinazonasa alama ya ugonjwa, chukua mililita 1, tia 0.1 ya maji ya chumvi ya asilimia 10. Yakibaki mekundu, zimefunikwa. Yakigeuka buluu, kingamwili hazikutosha, au pH, yaani kiwango cha asidi, haikuwa sawa. Hiyo pH pimeni kwa karatasi. Dhahabu isiyofunikwa huziba elektrodi ya mashine ya kupimia pH.